Mpunga wa Shangazi Juu ya Mabomba ya Baridi

S.L.P. 90,
Kyela.
17 Aprili, 1997.

Mpendwa binamu Ambilikile,

Ugonile, mtu wa Dar es Salaam! Kama bado hujasahau kuitikia, itikia hapo hapo ulipo, majirani wakushangae. Natumaini u mzima, na tumbo lako bado linakutangulia mlangoni kama tulivyoliona Krismasi. Huku mvua imeshika, barabara ya Ipyana ni tope tupu. Wazee wanakula na wanagombana, kwa hiyo ni wazima. Mimi fundi wa baridi wa Kyela nzima sina homa wala mpinzani.

Mama yako naye anapumua vizuri tangu juzi. Nimeanza na hilo ili haya mengine uyasome umekaa.

Pumu ilimbana akiwa chumbani kwake, kiyoyozi kinanguruma. Nilimkuta ameshika ukingo wa kitanda, mabega yanapanda na kushuka, midomo imegeuka rangi, hawezi hata kunitukana. Hapo ndipo nilipoogopa, maana Shangazi akishindwa kunitukana mimi, jua mambo yameharibika. Nikambeba mgongoni, mimi yule uliyekuwa ukiniita njiti, mpaka barazani. Ridhwani, jirani yenu mwenye duka, akatoa gari, tukakimbia hospitali. Walimpa dawa, kifua kikafunguka. Daktari akauliza huyu mama analala kwenye vumbi gani. Nikamjibu kwa maringo kwamba nyumba ile haina vumbi, ina baridi ya mabomba. Akasema basi nikayatazame hayo mabomba.

Niliporudi nikavunja kufuli ya mfuniko wa dari, nikapanda. Usiniulize kwa nini sikupanda zamani. Ufunguo anao mama yako, na kila nikiuomba anasema nitamwibia mpunga.

Mpunga wenyewe ndio huo, binamu. Ulijenga nyumba ya kisasa, ukaweka mashine moja kubwa nyuma na mabomba yapite darini kugawa baridi kila chumba. Mama yako ukamhamisha kutoka Ndandalo, mpunga wake hukuuandalia pa kukaa. Kule ulikaa juu ya jiko la kuni, moshi unapanda, panya na wadudu wanakimbia. Huku kwako hakuna moshi, na yeye amepandisha magunia vile vile. Tena ameyalaza juu ya mabomba yenyewe, kwa kuwa yana ubaridi, eti mpunga usipate joto!

Bomba la chumbani kwake limebonyea kama chapati. Ndiyo maana chumba hakipoi, wala si udogo wa mashine kama ulivyoandika kwa kujiamini. Panya nao wamefuata mpunga, wakatoboa bomba linalorudisha hewa kwenye mashine. Kupitia matundu hayo mashine inavuta pumba, mavi ya panya na vumbi lote la darini, inamletea Shangazi kitandani. Lile chujio la koridoni nimelisafisha kila mwezi, jeupe kama kanzu ya Ijumaa, lakini uchafu unaingilia nyuma yake. Chujio halina habari.

Ulicheka katika barua yako kwamba Ridhwani alikosa akili kubandika viyoyozi vitatu ukutani badala ya kuweka kimoja kama wewe. Ni kweli vinanisumbua kuliko chako. Kila kimoja kina chujio lake la kuosha na kuanika kivulini, na kimpira chake cha kutolea maji. Mwezi jana nyigu walijenga ndani ya kimpira kimoja, maji yakamwagikia kochi la Shamsa, mke wa Ridhwani, akanifukuza na ufagio. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi nao hujaa kwenye mashine za nje, zake na yako pia. Lakini kikiharibika kiyoyozi cha ukutani, unakiona usoni pako. Kikilia, unajua ni kipi, na vingine vinaendelea. Cha kwako kinahitaji mtu apande darini kila baada ya miezi michache, akague viungo, agandishe mkanda wa gundi palipoachia, apapase mabomba yote. Na hilo dari liwe tupu. Ukiweza hayo, chako ni kizuri. Usipoweza, umejenga shimo la panya lenye upepo.

Sasa Shangazi yuko kwa Ridhwani, analala chumba cha wageni chenye kiyoyozi cha ukutani. Kifua hakijambana tena, ila yeye anataka kwake. Nimemwambia tushushe magunia, Ridhwani ametoa nafasi ghalani bure.

"Gwe Andongwisye! Umeacha shule kidato cha pili, leo unanifundisha kuweka mpunga?"

"Shangazi, mpunga hauna shida. Kifua chako ndicho kinachonitoa jasho."

"Kifua ni changu. Mpunga wangu ukilala kwa mtu, nikipata mgeni nikaombe? Na mwanangu analeta mashine kubwa zaidi, mtanyamaza wote."

Umesikia? Hiyo mashine kubwa uizuie hata kama imeshapakiwa. Itavuta kupitia matundu yale yale, kwa nguvu zaidi. Safari hii sijui kama nitamkuta ameshika kitanda au ameshakiachia.

Leo asubuhi alikwenda nyumbani na kijana wa jirani kuwasha mashine. Haikuwaka. Nimetoa fyuzi, ninatembea nayo. Akaja dukani kwa Ridhwani akaniita mwizi mbele ya wateja, nami nikaitika. Akaapa kununua nyingine. Nimezunguka kila duka la hapa mjini linalouza fyuzi, nikawapigia magoti wasimuuzie, wamekubali. Jioni hii nimesikia ameagiza Mbeya, kwa kondakta wa basi la kesho.

Maduka ya Kyela nimeyaziba, binamu. Mbeya siwezi. Lameck, dereva wa lori la mchele, anakuletea barua hii mkononi. Ukiisoma tu, piga simu dukani kwa Ridhwani, umwambie mama yako ashushe mpunga. Anakusikia wewe peke yako, ingawa mimi ndiye mzuri.

Msalimie shemeji Nasma na watoto, na mjomba Wilson ukimwona. Baba anakusalimu, na Shamsa pia, bila ufagio. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na amlindie mama yako pumzi mpaka simu ilie. Ndaga fijo, asante sana.

Ni mimi nikupendaye hata ukinuna,
Andongwisye