Kioo cha mwisho cha Mama Sifa

Siku ya tano ya kazi. Mvua imeisha sasa hivi, upepo wa ziwa ungali unapiga, na miye nimecheka mpaka mashavu inaniuma.

Leo nimeweka kioo kwa dirisha la Mama Sifa, ile ya chuma ya wakati wa Wabeleji, kutu tupu. Binti yake amezaa, mutoto ana siku nane, na dirishani kulikuwa karto ya boksi tu. Vioo vitatu vilitoka Kigoma na boti. Viwili, sitwayen Kasongo, raia kama tunavyoitana siku hizi, fundi anayevaa koti la abakosti na metre ya kupimia mufukoni, alivimaliza. Alikata sawasawa kabisa, kioo kikakazana ndani ya chuma. Jua lilipopiga, paa! kikapasuka. Cha pili vile vile.

Kikabaki kimoja.

Njo Mama Sifa akaniita miye, nisiyejua kusoma metre. Napima na karto. Lakini mikono hii, kama wangeniuliza, wangeichora kwa noti ya makuta. Kule Zongwe niliweka kioo safi, muzee mumoja akatema mate inje, mate ikamubakilia mbele ya pua.

Nilikwangua kutu siku mbili, nikapaka rangi, nikakata. Kuingiza kioo, pande zote inabaki nafasi, unene wa njiti ya kiberiti. Mama Sifa akashika kichwa.

"Papa Mulongo, umekikata kidogo. Huyu mutoto tutamulaza wapi?"

Kasongo alikuwa pale. Akasema yeye alipasua vioo tu, miye nimepasua nyumba nzima. Watu wakacheka.

"Sitwayen," nikamwambia, "weye ukishiba unalegeza mukaba. Chuma nacho kikishiba jua kinavimba; kilegeze nini?"

Nikaweka njiti za kiberiti pembeni, kioo kisisogee, nikajaza mastiki ya kuziba ile nafasi.

Lakini weye kaye yangu, daftari ninayoandika usiku, sitakuficha: niliogopa. Saa sita jua kali. Nikakaa chini ya dirisha, nikajifanya nasinzia, masikio yote iko juu, nangoja ile paa.

Kimya.

Saa tisa mvua ikaja na upepo wake. Mama Sifa akapitisha kiganja pande zote ine za dirisha, akataka kujipangusa kwenye kitenge, kumbe kiganja ni kikavu. Mutoto hata hakugeuka.

Nikitoka, Kasongo akanifuata mpaka njiani, sauti chini kama anaungama.

"Papa, ile nafasi ni njiti moja ao mbili?"

Nitamwambia. Ni fundi, na mama wengine wana madirisha. Lakini kwa nini nimwambie leo? Alale nayo kwanza.