Siku za Matanga

Alhamisi usiku

Na mimi nilipiga makofi. Hilo ndilo linaloniuma.

Leo, kazini Kigobe, kampuni za usafi na sendika yetu ya wafanyakazi zimetia sahihi makubaliano, katika ukumbi uleule ninaousafisha kila siku. Kiongozi wa sendika alinisimamisha mbele ya wote. "Siku za matanga zenye mshahara tumezipata kwa sababu ya bwana wa huyu mama. Deo alizidai mpaka anakufa." Watu wakapiga makofi. Nikamkumbuka Deo akisugua mikono kwa ndimu kila jioni, asishike mkate wa watoto akiwa na harufu ya javeli, dawa ya kusafishia ya kazini.

Alipokufa mwaka jana, nilirudi kupiga deki kesho yake baada ya mazishi. Jumamosi hii ukoo unakuja nyumbani Ngagara kuondoa matanga, kama desturi yetu mwaka ukitimia. Basi nikamfuata mkuu wetu wa kazi, chupa ya Fanta bado mkononi, nikaomba siku moja tu.

"Apana, mama. Siku zinahesabiwa toka mutu amekufa. Za kwako zilishapita."

"Siku zile nilikuwa kazini kwako, shefu."

"Njo vile wameandika mu makubaliano. Na Jumamosi usichelewe, kuna wageni."

Kiongozi wa sendika alisikia yote. Akatazama viatu vyake.

Nikikosa nitafukuzwa, na watoto wanakula kwa kazi hii. Nimemwomba shemeji aseme maneno ya mjane kwa niaba yangu. Deo atakapoagwa, mimi nitakuwa ninafuta ukumbi walimonipigia makofi.