Chokoleti Yangu na Mbwa wa Baba Mkwe

Kishapu, Jumapili, Julai 1974

Upepo umebeba vumbi tangu asubuhi, shuka nilizoanika zimegeuka nyekundu, nami natabasamu tu. Shajara yangu, nina mume! Kila siku nakwambia, na kila siku naona kama habari mpya.

Maganga wangu ni bwana mifugo. Juzi alikwenda Mwanza kufuata dawa ya josho, akarudi na chokoleti ameifunga kwenye leso yake. Nyeusi, chungu kidogo. Alisema aliiona dukani akanikumbuka. Mimi, kwenye duka la Mwanza!

Leo tulipotoka kanisani nilijificha nyuma ya jiko nimalizie iliyobaki. Chui, mbwa wa baba mkwe, alilala miguuni pangu. Ndiye mlinzi wa ng'ombe, na mzee humwita kitinda mimba wake.

Mara nikaona kofia ya baba mkwe inakata kona.

Huku kwetu mkamwana hali chakula mbele ya baba mkwe. Nami mdomo umejaa, mkononi nina kipande kikubwa! Nikakidondosha, nikapiga magoti. Shikamoo yangu ilitokea puani. Mzee alipopita, Chui alikuwa amekwisha kumeza chote, na karatasi anairamba.

Nilicheka. Nilidhani nimepata rafiki wa kunitunzia siri.

Alasiri Chui akaanza kutapika. Akawa anahema, anatetemeka, anazunguka uwanja bila kutulia. Baba mkwe akashika fimbo.

"Huyu amewekewa sumu! Ni yule jirani, jana alilalamika kuwa Chui anakimbiza kuku wake!"

Alikuwa amefika kwenye uzio wa minyaa nilipopaza sauti kutoka nyuma ya mlango wa jiko. "Baba, ni mimi! Nimempa chokoleti!"

Baba mkwe akageuka, akarudi uwanjani.

Maganga hakunigombeza. Aliuliza kipande kilikuwa kikubwa kiasi gani, kisha akaeleza taratibu kwamba utamu wetu huu kwa mbwa ni sumu. Moyo wake hukimbia mpaka unaweza kusimama, na chokoleti nyeusi ndiyo mbaya zaidi. Heri ametapika mapema. Akambeba hadi kivulini, akakaa naye, kiganja kimoja kwenye mbavu za Chui, kingine kimeshika mkono wangu. Mungu anisamehe, hata katika hofu ile niliona jinsi shingo ya mume wangu ilivyo nzuri.

Jua lilipopoa, Chui akanywa maji, akatulia, akalaza kichwa kwenye mguu wangu. Nikalia.

Baba mkwe akauliza, bila kunitazama, kwa nini nilimpa mbwa kitu cha thamani vile. Mama mkwe akanijibia huku akipepeta mchele.

"Alikuogopa wewe! Unaingia jikoni kama mvua ya ghafla. Mtoto wa watu asile?"

Mzee akaangalia fimbo yake, akaenda kuiegemeza ukutani.

Chokoleti haitakaribia tena pua ya Chui, hiyo nimeapa. Maganga ameahidi kuniletea nyingine, nami nitaila chumbani, mlango umefungwa, yeye akiwa mlinzi.

Sasa hivi, nikiandika haya kwenye kigoda cha jikoni, nimesikia kikohozi kule kwenye minyaa. Kirefu, cha makusudi, kama mtu anayebisha hodi. Kikatulia, kikarudiwa.

Sikuwa na kitu mdomoni. Lakini baba mkwe alisubiri palepale, mpaka nilipoitikia.