Mbayuwayu Waliosingiziwa Uchafu wa Popo

Karakana ya Baba Mdogo,
Jumatano, 14 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko, na za shemeji na watoto? Mgongo wako umepoa? Huku wote tuko wazima, ila Baba Mdogo kanichosha hadi basi.

Kabati lako limechelewa, na wa kulaumiwa ni yeye. Tukishapaka milango vanishi, anaianika nje chini ya ule mti mkubwa. Asubuhi tunakuta madoa ya zambarau na mbegu zimenata. Tumeikwangua mara tatu.

Mti wenyewe umejaa popo, wale wakubwa wenye sura kama ya mbwa. Wanatafuna matunda, wanatema makapi, na choo ni hapohapo. Baba Mdogo kashikilia kwamba popo wanaotuchafulia ni wale wanaokaa kwenye matundu ya ukuta, chini ya bati. Dada, wale ni mbayuwayu. Anawachanganya kwa kuwa wote weusi na jioni wanaonekana pamoja. Hatazami kwamba saa hiyo popo ndiyo wanatoka, mbayuwayu ndiyo wanarudi kulala. Na mbayuwayu anakula wadudu hukohuko hewani, tunda hana habari nalo.

Nikamwambia, siku tatu mfululizo. Unajua mimi kusema kwangu ni kazi. Akacheka mbele ya mafundi wote: "Bubu leo kawa daktari wa popo."

Jana kakoroga saruji ayazibe matundu. Popo ukimfukuza anaondoka na mwanawe kifuani. Mbayuwayu mwanawe anabaki ndani. Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Kashaziba tundu moja, nikasema, "Baba Mdogo, hilo la pili ingiza mkono kwanza." Hakusikia. Nikarudia kwa sauti mpaka wanaopiga randa wakaacha.

Akaingiza. Akagusa vifaranga, akautoa mkono, akaanza kuchokoa saruji ya tundu la kwanza kwa kidole. Humo pia walikuwemo vifaranga wawili, wazima, hawana hata unyoya.

Aliposhuka, unajua kaniambia nini? "Sasa na wewe, siku zote hizi si ungesema?"

Dada, nimesema siku nne. Milango yako nimeiingiza ndani mwenyewe, sikumuuliza mtu.

Mama Mdogo anakusalimu sana. Nisalimie shemeji, na mtoto wako wa mwisho umbebe kidogo kwa niaba yangu. Mungu awalinde mlipo.

Mdogo wako anayekupenda,
Bubu