Toroli la Chai Limenifuata Mazikoni

Mwenzangu, nimejifungia chooni kwa mama mkwe. Leo sitoki.

Unalikumbuka toroli la chai la pale ofisini? Lile la gurudumu bovu, linalolia kwii kwii kwii kwenye korido saa nne kamili, halafu ndiyo chai na keki. Miaka sita nimelisikiliza.

Sasa leo tunamzika mjomba wa mume wangu. Kanisa lote kimya. Nimesimama bega kwa bega na mama mkwe, maana marehemu ni kaka yake. Jeneza likaletwa kwenye toroli.

Kwii kwii kwii.

Mate yalinijaa mdomoni. Mbele ya jeneza, mwenzangu. Halafu tumbo likanguruma hadi mchungaji akanyamaza. Na asubuhi nilikula nikashiba.

Mama mkwe akanigeukia na machozi yake: "Mwanangu, una njaa?"

Una njaa. Mbele ya ukoo mzima.

Wifi yangu, yule mwalimu wa saikolojia, kanifuata hadi mlango wa choo kunipa somo. Eti ni kama mbwa waliopigiwa kengele kila wakiletewa chakula, mwisho kengele ikilia tu mate yanawatoka, hata chakula hakuna. Dawa yake? Nisikie huo mlio mara nyingi bila chai kufuata, mwili utasahau wenyewe.

Na ofisini chai haikosi. Nikamuuliza kwa sauti, "Kwa hiyo niuzike ukoo wenu wote ndiyo nipone?"



Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe hapo hapo mlangoni: "Mwanangu, nilikuwa nimekuletea chakula."