Mikwaruzo kwenye Mfuniko wa Ndoo

Lemara, Jumapili baada ya ibada

Baba, shikamoo.

Tangu tukuzike siyaamini maji ya nyumba hii. Ladha ni ileile, na hilo ndilo linaloniogopesha. Uliniambia floraidi, inayotia meno ya watu wa huku rangi ya kahawia, haina ladha wala harufu. Kila asubuhi namtazama mjukuu wako Neema akinywa, na najua meno yake mengine ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi.

Wiki iliyopita Lomayani, yule uliyemfundisha kuchoma mifupa ya ng'ombe kule Ngaramtoni, alikuja kubadilisha ule mkaa wa mifupa unaonasa floraidi kwenye ndoo yetu ya kuchujia. Alimaliza haraka mno. Nikawaza, ametuwekea mkaa wa kupikia, nani atajua? Akiwa bado ananawa mikono, nilichota konzi moja nikaitia kwenye kikombe cha maji mbele ya macho yake, kama ulivyokuwa ukifanya. Mkaa wa miti huelea, wa mifupa huzama.

Ukazama wote.

Hakukasirika. Alisema, "Dada, mzee alinifundisha nisimwamini hata yeye."

Kisha akaugeuza mfuniko, akanionyesha mikwaruzo ya msumari wako, mmoja kila ulipobadilisha mkaa. Wa mwisho naukumbuka. Neema ndiye aliyekushikia msumari, akiwa hajaanza shule. Sasa yuko darasa la pili. Na mkaa ukishashiba hauchuji tena, wewe mwenyewe ulituambia.

Nilikuuliza, Baba. Pasaka yako ya mwisho, umekaa jikoni unahema, nilikuuliza kama mkaa haujachoka. Ukasema, "Bado una nguvu."

Ulisahau? Au ndoo ilikuwa imeshakushinda kuinua, ukaona aibu nikijua? Naona vibaya kukushuku. Lakini nashuku.

Lomayani nilimwomba radhi. Alicheka, akasema radhi yake ni chai yenye maziwa mengi.

Leo nimekwaruza mfuniko kwa mara ya kwanza, Neema akinishikia msumari. Nitaupima mkaa kikombeni kila ukibadilishwa, na siku mwili ukinishinda, nitasema.

Pumzika, Baba. Huko uliko utukumbuke mbele za Mungu, na umtaje Neema kwanza.

Mwanao