Nyeusi au Bluu: Kikao cha Kuchagua Simu ya Mashindano ya Mbale

KLABU YA MPIRA WA SIMU, WALUKUBA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI KILICHOFANYIKA JUMAMOSI TAREHE 14 JUNI 2025, SEBULENI KWA BI RAMLAH, WALUKUBA, JINJA, KUANZIA SAA NANE MCHANA

Waliohudhuria:
1. Muhammed Wahab – Mwenyekiti
2. Bi Ramlah – Mlezi wa klabu (shangazi yake Katibu)
3. Navjot – Mjumbe (simu za majaribio zimetoka dukani kwa baba yake)
4. Waiswa – Mjumbe
5. Madina Rajab – Katibu, na mchezaji aliyeteuliwa kwenda Mbale kwenye mashindano ya mpira wa kuchezea kwenye simu

Aliyeshiriki kwa simu: Beverlyne, mjumbe wetu aliyeko Mbale

Hakufika: Mitchelle (mtihani)

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao na kuwataka wajumbe wazungumze kwa kifupi, kwa sababu simu mbili zilizokuwa mezani zilitakiwa zirudi dukani kabla halijafungwa. Aliongeza kwamba kumbukumbu zingeandikwa kwa Kiingereza. Bi Ramlah aliuliza, "Kwa ajili ya nani? Mimi nasoma Kiswahili." Kumbukumbu zinaandikwa kwa Kiswahili.

Mwenyekiti alikumbusha pia utaratibu kwamba Katibu haingii kwenye mjadala wala hapigi kura, anaandika tu. Utaratibu huo aliuleta yeye siku Katibu alipochaguliwa. Katibu anakiri kwamba siku hiyo aliufurahia, maana kuongea mbele ya watu humkausha mdomo.

KUMB. NA. 2/6/2025: MAELEZO YA SIMU MBILI

Navjot alieleza kwamba bei za simu hizo zinakaribiana na zote ni za daraja la kati. Ile nyeusi ina prosesa ya kasi na kioo chepesi kwa mchezo, inachaji haraka, lakini inapata joto na kamera yake ni ya kawaida tu. Ile ya bluu ina betri kubwa na kamera nzuri, haiogopi matone ya mvua, ila kasi yake ni ya wastani. Ili kurahisisha mjadala ziliitwa Nyeusi na Bluu.

Bi Ramlah alisema nusu ya fedha za simu imetoka kwa kikundi cha akina mama wasuka tabaga, vile vifuniko vya rangi vya kufunikia chakula, na hawakutoa ili watoto wachezee mpira peke yake. Simu hiyo itapiga picha za tabaga, itapokea oda za Kampala na itapiga simu kama simu nyingine. "Picha ninazopiga na simu yangu hii," alisema, "tabaga inatoka kama imepata ukurutu. Nani atanunua?"

Mwenyekiti alijibu kwamba klabu inaitwa ya mpira wa simu, haiitwi ya tabaga.

Bi Ramlah alimtazama. Alisema, "Nakusikia, afande."

Wajumbe walicheka, isipokuwa Mwenyekiti.

Kuhusu mahali ambapo simu itatunzwa, kulikuwa na mapendekezo mawili kutoka kikao kilichopita. Ikinunuliwa Bluu, italala kwa Bi Ramlah kwa sababu ya kazi za akina mama. Ikinunuliwa Nyeusi, italala Bugembe kwa Mwenyekiti, kwa sababu ni kifaa cha mchezo na yeye ndiye kiongozi wa mchezo. Hakuna aliyesema lolote juu ya hilo wakati huu. Katibu aliandika hivyo, ingawa baba yake hamruhusu kwenda Bugembe jioni, na jioni ndiyo saa ya mazoezi.

KUMB. NA. 3/6/2025: MAJARIBIO

Iliamuliwa kwamba Madina acheze mechi moja kwa kila simu dhidi ya Waiswa, ambaye angetumia simu yake mwenyewe. Mechi zilichezwa hapo hapo sebuleni, chini ya bati, jua likiwa kali.

Kwa Nyeusi Madina alishinda mabao matatu kwa moja. Waiswa alipoishika simu baada ya mechi aliitupa kwenye mto wa kochi akisema, "Bambi, maskini wee! Hii ukikosa jiko unapikia chapati."

Kabla ya mechi ya pili Bi Ramlah aliichukua Bluu, akapiga picha ya tabaga iliyokuwa ukutani, akaisifu picha hiyo kwa muda, akairudisha. Kwa Bluu Madina alishindwa mabao manne kwa moja. Pasi zilichelewa, mlinda mlango aliruka mpira ukiwa umeshaingia.

Mwenyekiti alisimama, akasema, "Mmeona wenyewe, sitaki maneno mengi," na kuwaomba wajumbe wapige kura.

Katibu alikuwa ameona jambo. Alama ya betri juu ya kioo cha Bluu ilikuwa ya njano. Simu ilikuwa imewekwa kwenye hali ya kuokoa chaji, na simu ikiwa katika hali hiyo hupunguza kasi yake yenyewe. Aliyeiweka alikuwa Bi Ramlah, bila kukusudia. Umeme wa huku ukikatika unaweza kukatika kutwa nzima, kwa hiyo shangazi huwasha kuokoa chaji kwenye simu yoyote inayoingia mkononi mwake, hata ya mgeni, kama mtu anavyofunga mlango akipita.

Katibu alimnong'oneza Navjot. Navjot alinong'ona pia, "Sema mwenyewe. Nikisema mimi, watasema mwana wa duka anauza."

Bi Ramlah na Beverlyne walichagua Bluu. Mwenyekiti na Waiswa walichagua Nyeusi. Navjot hakupiga kura kwa sababu ya duka. Mwenyekiti alisema kura zikilingana yeye ndiye anayeamua, akafungua mdomo kuamua.

Hapo Katibu aliinua mkono. Ulikuwa na kalamu, kwa hiyo Mwenyekiti alidhani anaomba arudiwe sentensi, akasema, "Andika: imeamuliwa."

Katibu alisema, "Bado. Bluu ilikuwa kwenye kuokoa chaji."

Mwenyekiti alisema Katibu haruhusiwi kuchangia. Beverlyne alisikika kutoka Mbale akisema, "Mwacheni mtoto aseme, nyinyi! Mimi huku sioni kitu, nasikia makelele tu." Katibu alieleza. Hakusema ni nani aliyeiwasha, lakini Bi Ramlah alielewa.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeiua?" aliuliza.

Katibu aliinamia karatasi yake. Shangazi yake ndiye aliyemlea tangu darasa la pili, na Katibu hajawahi kumkosoa mbele ya watu. Bi Ramlah alijicheka kidogo na kusema, "Basi izimeni hiyo kitu, mrudie."

Mechi ilirudiwa. Ilikuwa sare ya mbili kwa mbili. Waiswa alisema, "Sasa imeamka."

KUMB. NA. 4/6/2025: SWALI KWA MCHEZAJI

Mwenyekiti alisema, "Katibu, kwa kuwa leo umepata ulimi, sema mbele ya wote. Kwa mpira, ipi bora?"

Katibu alijua kwamba akisema Bluu, hakuna ambaye angeweza kumbishia, maana vidole ni vyake. Alijua pia kwamba si kweli. Bluu ilikuwa nzuri, lakini kila alipogeuka na mpira aliisubiri kidogo, na Mbale hakuna atakayemsubiri.

Alijibu, "Nyeusi."

Mwenyekiti alisema, "Iandikwe hivyo hivyo." Imeandikwa.

Beverlyne aliomba nafasi. Alisema, "Mmemuuliza ipi bora. Muulizeni anataka ipi. Hayo ni mambo mawili, bwana Muhammed."

Mwenyekiti alisema hilo si la lazima. Bi Ramlah alisema ni la lazima nyumbani kwake.

Katibu alisema anataka Bluu. Alipoulizwa sababu, alitazama karatasi na kuyasema haya, ambayo ameyaandika bila kuyapamba: "Kwa sababu Bluu italala hapa. Nyeusi ikilala Bugembe sitafanya mazoezi, na nisipofanya mazoezi siendi. Mimi nataka kwenda Mbale. Nataka sana. Sijawahi kulisema kwa sababu niliogopa mngeniona najipendelea."

Mwenyekiti alisema hakuna aliyemzuia mtu kwenda.

Waiswa alisema, "Ah, afande, tuongee kama watu wazima. Mimi nimekupigia kura Nyeusi kwa sababu inakimbia. Lakini sote tunajua mwisho wake. Wiki mbili hajashika simu, utasema mchezaji hana mazoezi, nafasi irudi kwako."

Mwenyekiti alimwambia Waiswa atoke nje akakae kwenye pikipiki yake. Waiswa alisema pikipiki iko kwenye jua na yeye yuko kwenye kochi. Mwenyekiti alipiga meza, Bluu ikaanguka, Navjot akaidaka na kuishika mapajani mpaka mwisho wa kikao.

Mwenyekiti alisema kwa sauti ya juu, "Miaka miwili nimekwenda mimi! Nilikwenda Mbale na simu yenye kioo kilichopasuka, kidole kikikwaruzwa, wala hakuna aliyeitisha kikao kuninunulia mimi nyingine. Sasa ameteuliwa yeye, ghafla kuna simu mpya, kuna majaribio, kuna mchezaji anataka nini!"

Katibu anaona ni haki kuandika kwamba maneno hayo yalikuwa ya kweli. Iliadhiniwa alasiri, kikao kikasimama kwa sala na chai. Mwenyekiti na Bi Ramlah hawakusemezana wakati wa chai, ila Bi Ramlah alimwekea Mwenyekiti sukari bila kumuuliza kiasi, na Mwenyekiti aliinywa.

KUMB. NA. 5/6/2025: UAMUZI

Kikao kiliporudi Bi Ramlah aliomba kubadilisha kura yake. Alisema, "Mimi nilitaka kamera. Bado naitaka. Lakini mchezaji amesema Nyeusi ni bora, na aliposema hivyo alikuwa anajiumiza mwenyewe. Mtu wa namna hiyo siwezi kumpa simu ya pili kwa ubora ili mimi nipige picha za tabaga. Inunuliwe Nyeusi. Akina mama nitaongea nao mimi."

Mwenyekiti alishukuru. Bi Ramlah alisema, "Usishukuru, sijamaliza. Simu ipi ni kura moja. Inalala wapi ni kura nyingine. Nani alisema Nyeusi lazima ilale Bugembe?"

Mwenyekiti alisema ndivyo ilivyopendekezwa. Bi Ramlah aliuliza ilipendekezwa na nani. Katibu aliombwa asome kumbukumbu za kikao kilichopita. Alisoma. Ilipendekezwa na Mwenyekiti, na haikupigiwa kura.

Kura zilipigwa. Waliotaka simu itunzwe kwa Bi Ramlah walikuwa Bi Ramlah, Beverlyne na Navjot, ambaye alisema kuhusu kununua hana kura lakini kuhusu kulala anayo. Waiswa alitazama dari kwa muda, akainua mkono. Aliyepinga alikuwa Mwenyekiti.

Bi Ramlah alimwambia Mwenyekiti, "Njoo umfundishe hapa hapa, kila jioni. Unaijua Mbale, yeye haijui. Hujawahi kufungiwa mlango." Mwenyekiti hakusema atakuja wala hatakuja. Alisema, "Nimeshindwa na mtoto asiyesema."

IMEAMULIWA: Inunuliwe Nyeusi. Itunzwe kwa Bi Ramlah. Mchezaji ni Madina.

KUMB. NA. 6/6/2025: MENGINEYO

Beverlyne alieleza kwamba katika ukumbi wa Mbale hairuhusiwi kuchaji katikati ya mechi, na kwamba Madina na Bi Ramlah watalala kwa mama yake yeye Beverlyne, mtaa wa Namakwekwe. Aliuliza Madina anakula nini. Madina alisema chochote. Beverlyne alisema, "Hapana, leo umeshaanza kusema, sema." Madina alisema malewa, yale machipukizi ya mianzi ya huko kwao Mbale. Ilikubaliwa.

Mwenyekiti aliomba sentensi yake ya mwisho katika KUMB. NA. 5 ifutwe. Alisema ilimtoka. Katibu alijibu kwamba hawezi kuifuta, kwa sababu ilisemwa, na kwamba hata maneno ya Katibu mwenyewe katika KUMB. NA. 4 angependa yasiwepo lakini yapo. Alisema hivyo akiwa amemtazama Mwenyekiti usoni.

KUFUNGA

Duka lilikuwa karibu kufungwa, kwa hiyo kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu, Navjot akakimbilia dukani na simu zote mbili.

Mwenyekiti: Muhammed Wahab
(amesaini, ameomba iandikwe kwamba Jumatatu jioni atakuja na kebo yake ya chaji, kwa kuwa ya hapa kwa Bi Ramlah ni mbovu)

Katibu: Madina Rajab
(amesaini)